Mauzo ya Jumapili Mama Ngina: kutoka faili ya XML hadi jedwali

Jumapili jioni pale Mama Ngina, watu wakipunga upepo na kutazama meli zikiingia, muuza mihogo na madafu hana nafasi ya kushika daftari. Mteja analipa kwa simu, meseji inaingia, mwingine ashafika. Kama unatumia programu ya mauzo, huenda usiku inakupa faili ya XML. Ukiifungua unaona alama tupu. Leo tuone vile inageuzwa kuwa jedwali, na pale jedwali linapoweza kukudanganya.

XML ni kama sufuria ndani ya sufuria. Kubwa ni siku, ndani yake malipo, na ndani ya malipo vitu vilivyonunuliwa:

<siku>
  <malipo namba="1" jumla="350">
    <kitu jina="mihogo" bei="200"/>
    <kitu jina="madafu" bei="150"/>
  </malipo>
  <malipo namba="2" jumla="100">
    <kitu jina="mihogo" bei="100"/>
  </malipo>
  <malipo namba="3" jumla="200"/>
</siku>

Malipo ya tatu hayana kitu ndani. Hutokea sana foleni ikiwa ndefu: pesa imeingia, lakini hukubonyeza alichonunua. Pesa ya siku ni shilingi 650.

Jedwali nalo halina sufuria, lina mistari tu. Kuhamisha data kutoka huku kwenda kule ndiyo kazi ya XSLT, lugha iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 1999. Mojawapo ya amri zake ni xsl:for-each, yaani "kwa kila kimoja, andika mstari."

Wengi huanza na kila kitu, halafu kwenye kila mstari wanachukua jumla ya malipo kwa ../@jumla. Zile nukta mbili maana yake "panda kwenye sufuria ya juu." Hapo ndipo pesa hewa inapozaliwa. Malipo ya kwanza yana vitu viwili, kwa hivyo 350 inaandikwa mara mbili, na malipo ya tatu hayatokei kabisa. Ukijumlisha unapata 800. Ukienda kununua mihogo ya kesho kwa hesabu hiyo, utakwama sokoni.

Ukitumia @bei ya kila kitu badala ya jumla, unapata 450. Hakuna kilichohesabiwa mara mbili, ila zile 200 zimepotea. Mwenye kibanda anaweza kumshuku kijana wake bure, kumbe kosa ni la jedwali.

Dawa ni kupita kwenye malipo kwanza, kisha vitu, na kuwapa nafasi wale wasio na kitu:

<xsl:for-each select="siku/malipo">
  <xsl:for-each select="kitu">
    <tr>
      <td><xsl:value-of select="../@namba"/></td>
      <td><xsl:value-of select="@jina"/></td>
      <td><xsl:value-of select="@bei"/></td>
    </tr>
  </xsl:for-each>
  <xsl:if test="not(kitu)">
    <tr>
      <td><xsl:value-of select="@namba"/></td>
      <td>haijaandikwa</td>
      <td><xsl:value-of select="@jumla"/></td>
    </tr>
  </xsl:if>
</xsl:for-each>

Sasa una mistari minne: 200, 150, 100 na 200. Jumla 650.

Si lazima uandike haya mwenyewe. Mpe anayekusaidia na kompyuta. Programu ya bure iitwayo xsltproc inatosha kuiendesha. Lakini jedwali likirudi, jumlisha safu ya mwisho, kisha fungua stetimenti yako ya simu ya siku ileile na ulinganishe pesa iliyoingia kabla ya ada. Zikitofautiana hata kwa shilingi kumi, mrudishie.