Msaada Unaomwinua Mzee

Kuwaheshimu wazazi ni amri, wala hakuna jamaa ya Kikristo isiyoijua. Lakini iko heshima ambayo, kwa kukosa maarifa, humdhuru yule anayeheshimiwa. Juu ya jambo hilo twapenda kusema leo.

Tuwaze nyumba moja katika wilaya ya Chunya, ambako vijana wengi hushinda katika machimbo ya dhahabu au mashamba ya tumbaku. Bibi alianguka, akavunjika mguu, akalazwa hospitali. Sasa mfupa umeunga, naye amerudi kwake. Mjukuu mmoja amletea maji ya kunawa, wa pili amvika nguo, wa tatu amlisha. Kila akigusa mkongojo huambiwa, “Keti, bibi, sisi tupo.” Baada ya miezi mitatu hawezi tena kwenda chooni peke yake. Je, ni mguu uliomshinda? La! Ni wema wetu uliomfunga kitini.

Sababu yake ni wazi. Misuli isiyotumiwa hupungua, na kwa mzee hupungua upesi zaidi kuliko kwa kijana, viungo hukakamaa, hata ule moyo wa kujaribu huzimika.

Wengine wamekwisha kuliona jambo hili. Huko Denmark, mji wa Fredericia ulianza utaratibu mpya mwaka 2008: mzee aombaye msaada wa nyumbani huulizwa kwanza ni kazi gani atamani kuifanya tena mwenyewe, kisha huzoezwa kwa majuma kadhaa. Katika Uingereza msaada wa namna hiyo waweza kutolewa bila malipo hadi majuma 6. Kwetu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliihesabu jamaa kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Basi kazi hiyo ni yetu.

Tuifanyeje? Kwanza, tumwulize daktari mguu waweza kubeba uzito gani. Pili, mzee mwenyewe achague: kwenda jikoni, kuoga, au kufika kanisani. Tatu, kazi igawanywe. Juma hili ainuke kitini mara chache asubuhi na jioni, lijalo afike mlangoni, kisha uani. Msaidizi asimame upande ulio dhaifu, mikono i tayari, lakini asimshike pasipo haja. Nne, nyumba itengenezwe: kiti kirefu chenye mikono, sakafu isiyo na vikwazo, mti wa kushikilia njiani kwenda chooni, na taa usiku. Tano, msaada upungue kadiri nguvu zinavyorudi. Yakitokea maumivu mapya, uvimbe au kizunguzungu, zoezi likome, akaonwe na daktari.

Hatusemi kwamba mzee aachwe. Wako ambao nguvu zao hazitarudi, nao yatupasa kuwabeba hadi mwisho. Tena mvivu asijifiche nyuma ya maneno haya, akimwacha mama yake na njaa na kusema kwamba amzoeza. Kumzoeza mzee kwahitaji muda na saburi kuliko kumtendea kila kitu.

Basi, siku bibi atakapojichotea maji ya kunawa uso, hata nusu yake yakimwagika, tusimpokonye kata.