Mlango Kwanza, Mada Baadaye: Ya Kufanya na Kutofanya Brownies Wakilala Ukumbini

Ikikaribia Februari viongozi wa Girl Guides huanza kuulizana: mwaka huu mada ni ipi? Tarehe 22 ya mwezi huo ndiyo waliyozaliwa Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama, na mkewe Olave, wote wawili, na tangu 1926 wasichana wa chama hiki duniani huitumia kukumbukana. Kwa Brownies wetu, wasichana wa miaka 7 hadi 10, ni kisingizio kizuri cha kulala pamoja ukumbini usiku mmoja. Swali la mada lina haki yake, ila limetangulizwa mno. Mzazi anapokukabidhi binti yake wa miaka 8 na blanketi lake, amekukabidhi saa 12 za giza. Soma haya kabla hujanunua hata karatasi moja ya rangi.

Anza na mlango. Nenda ukumbini mchana, wiki mbili kabla. Hesabu milango, kisha fungua kila mmoja kwa mkono wako, kwa ndani, taa zikiwa zimezimwa. Mlango uliozibwa kwa viti vya harusi si mlango. Dirisha lenye grili si njia ya kutokea. Ukumbi wenye mlango mmoja tu ukatae, hata kama ni wa bure, hata kama ni wa kanisa lako na mchungaji ameshakubali.

Hapa Kenya jambo hili tumelilipia kwa watoto. Mwaka 1998 wasichana 26 walifia bwenini kwa moto Bombolulu, Pwani. Mwaka 2001 wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto Endarasha, katika kaunti ileile ya Nyeri alikozikwa Baden-Powell. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na grili, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Ukumbi wako haukujengwa uwe bweni, lakini usiku huo ni bweni. Ufuate mwongozo huo.

Usiruhusu kufuli la nje, kwa sababu yoyote, kutoka kwa mtu yeyote. Miaka kadhaa iliyopita nililala na Brownies 23 katika ukumbi mmoja niliouamini. Saa nane usiku mtoto akaamka ameshika tumbo. Nikampeleka mlangoni, nikasukuma, mlango ukakataa. Bawabu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amepitisha mnyororo kwenye vishikio vya nje ili wasichana walale salama, kisha akarudi kibandani kwake langoni. Nilimpigia simu mara nne. Yule mtoto alikuwa amenishika vidole viwili vya mkono wa kushoto, na akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tumefungiwa?" Bawabu alifika baada ya dakika 11. Hakuna aliyeumia. Tangu usiku huo kila mnyororo na kila kufuli la ukumbi huwa mfukoni mwangu kabla ya magharibi, na bawabu namweleza sababu mimi mwenyewe, ana kwa ana na kwa heshima, mwenye ukumbi akisikia.

Komeo la ndani pia lina sharti lake. Muite msichana mdogo kuliko wote alifungue. Likimshinda, liondoe.

Chagua mada itakayowafundisha watoto njia ya kutoka. Hapa ndipo mada inapopata kazi. Mimi nashikilia moja, nayo ni safari ya vituo vitano vya dunia vya chama chetu. Kona nne za ukumbi huwa vituo vinne: Our Chalet, kilichoko Adelboden, Uswisi, tangu 1932, Our Cabaña cha Cuernavaca, Meksiko, tangu 1957, Sangam cha Pune, India, tangu 1966, na Pax Lodge cha London. Cha tano kinaitwa kwa lugha yetu wenyewe, Kusafiri, na hakina jengo. Huhama kutoka nchi hadi nchi barani Afrika. Basi kwetu Kusafiri ni mkeka mmoja ambao wasichana huukunja na kuubeba kila wanapohama kona. Nimeona watoto wakigombania kuubeba kuliko wanavyogombania keki.

Sasa chukua chaki. Chora mishale sakafuni kama alama za njia, kutoka kona hadi kona, na mshale wa mwisho utoke mlangoni, uteremke ngazi, uende hadi mahali pa kukusanyikia uwanjani. Hapo chora mduara wenye nukta katikati. Ni alama ya zamani ya maskauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani", na ndiyo iliyochongwa kwenye jiwe la kaburi la Baden-Powell pale Nyeri, alikofia Januari 1941. Mtoto aliyeifuata mishale hiyo mara tatu akicheza ataifuata usiku akiwa na usingizi. Ifuateni mara ya nne taa zikiwa zimezimwa, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, kabla ya chakula cha jioni na si baada yake. Hesabu watoto kwenye mduara. Idadi isipotimia, rudieni.

Usilete mada inayohitaji moto. Hakuna mishumaa, hata ya keki, hata ile midogo ya bakuli. Hakuna udi, hakuna fataki. Moto wa kambi wa ndani utengeneze kwa tochi mbili, vijiti na karatasi ya rangi ya chungwa. Watoto wataimba vilevile. Magodoro ya sponji hushika moto upesi, na moshi wake huua kabla ya mwali kufika.

Usiingize jiko la makaa ndani. Kamwe. Nyeri, Limuru, Kericho na hata Njombe ng'ambo ya mpaka, usiku una baridi, na daima atatokea mzazi mwema wa kukwambia liingize jiko saa moja tu, lipashe chumba joto. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta husikia uchovu, kichwa kinamuuma kidogo, anajilaza, na haamki. Hata makaa yaliyofifia hadi kuwa majivu mekundu bado huitoa. Joto lipatikane kwa soksi, kofia ya sufu, mablanketi mawili kwa kila mtoto na kikombe cha uji. Kama hayo hayatoshi, ahirisha hadi mwezi wenye jua.

Kila kona iwe na kazi moja ya mikono na jambo moja la kweli. Uswisi, wape karatasi nyeusi na mkasi wa ncha butu wakate milima na ng'ombe wakipanda malishoni. Ni sanaa ya Waswisi hasa. Meksiko, wape mahindi ya kuchemsha yenye ndimu, uwaambie kwamba mahindi asili yake ni huko, na kwamba ugali wanaoula kila siku ulivuka bahari. Pune, wasukume chapati wenyewe mchana, zipikwe nje na mtu mzima, kisha wachore maua kwa chaki sakafuni kama wanawake wa India wanavyopamba vizingiti vyao kwa unga. Usitumie unga; kuna mtoto atakayeuona ukikanyagwa akawaza kwao. London, chai ya maziwa, na habari kwamba chai nyingi inayonywewa Uingereza imechumwa katika vilima vya Kenya. Inatosha. Kona yenye michezo mitano haimfundishi mtoto kitu.

Usimtume mzazi dukani kununua vazi. Mada za malkia na kifalme zimeniudhi kwa miaka mingi kwa sababu hii hasa. Binti wa mama mboga hufika na sare yake ya kawaida, akakaa pembeni akivuta sketi ifunike magoti, huku wengine wakizunguka na mataji ya plastiki. Leso moja kutoka nyumbani hutosha kuwa skafu ya Uswisi, sari ya Pune na shali ya Meksiko. Leteni leso za ziada, na msitangaze ni za nani.

Watu wazima wanawake wawili wasipungue, na mmoja kwa kila wasichana 6. Mmoja awe macho wakati wowote wa usiku. Pangeni zamu kwa maandishi. Mmoja ajue huduma ya kwanza. Gari lenye mafuta liwe uwanjani, na njia ya kwenda hospitali ya karibu muwe mmeipita wenyewe mchana.

Usikae na mtoto mmoja peke yenu mlango ukiwa umefungwa, wewe wala mwenzako, hata akiwa anatapika. Muite wa pili. Mwanamume haingii kwenye ukumbi wa kulala baada ya taa kuzimwa, awe bawabu, dereva, baba wa mtoto au mchungaji. Akichukia, achukie. Na mtoto akikunong'oneza jambo la nyumbani linalokutisha, msikilize, usimwahidi siri, piga 116, simu ya bure ya watoto.

Mpe mzazi fomu ya ukurasa mmoja, uisome. Pumu, kifafa, dawa, njugu karanga, chakula cha halali, nani atamchukua asubuhi. Usipange Ijumaa bila kuwauliza Waadventista, wala usiku wa Ramadhani bila kuwauliza Waislamu. Anayeswali alfajiri aonyeshwe mahali na kuamshwa kwa wakati. Inhela ya mwenye pumu isikae kwenye begi la kiongozi aliyelala. Iwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote.

Usipige picha za watoto wakiwa na nguo za kulala. Usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, usizihifadhi kwenye simu yako. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Idhini aliyoitoa kwa picha ya gwaride si idhini ya picha ya mtoto amelala na mdomo wazi.

Usisimulie hadithi za majini. Msichana mmoja akipiga yowe gizani, ishirini hufuata. Simulia za sungura na fisi, kwa sauti inayoshuka.

Jiandae kwa godoro lililolowa. Katika watoto 20 wa umri huu, tarajia mmoja. Huyu ndiye mtoto ninayemfikiria zaidi ninapopanga. Utamjua kwa kukaa kwake: wenzake wamelala, yeye ameketi wima, amekusanya blanketi mapajani, halikunji wala halitandazi, anaangalia mlango. Usiwashe tochi. Usimuulize kimefanyika nini. Chuchumaa karibu naye, sema "njoo mama, tutembee kidogo," na mwenzako abadilishe shuka nyuma yenu. Shuka za akiba nanunua za rangi moja na zile za kwanza, rangi ya buluu iliyokolea, ili asubuhi asiwepo wa kuuliza kwa nini ya fulani imebadilika. Iliyolowa huingia kwenye mfuko mweusi na kwenda kwenye buti la gari usiku huohuo. Mama yake mwambie wewe mwenyewe, pembeni, kwa sentensi moja. Neno "kikojozi" likisikika kwa mtoto, limalize hapohapo. Likisikika kwa kiongozi mwenzako, mwaka ujao asialikwe.

Weka sodo chooni, hadharani, bila hotuba. Wapo wanaoanza na miaka 9. Asilazimike kuomba.

Mtoto anayelilia nyumbani usimwambie amekuwa mkubwa. Mpe kazi: ashike tochi ya zamu, ahesabu pamoja nawe waliolala. Baada ya nusu saa akiendelea kulia, mpigie mama yake, hata kama ni saa sita usiku. Kurudi nyumbani kusiwe aibu wala adhabu, na wiki ijayo apokewe kwa shangwe ileile.

Asubuhi, kila msichana akunje blanketi lake mwenyewe. Uji, mandazi, nyimbo mbili, basi. Wamechoka, na wewe umechoka zaidi, na ajali nyingi hungoja saa hiyo.

Usimkabidhi mtoto kwa mtu asiye kwenye fomu, hata mtoto akimkimbilia na kumkumbatia. Mpigie mzazi, mwenye kuja akingoja nje ya lango. Sahihi iwekwe kwa kila mtoto, pamoja na saa aliyoondoka.

Viongozi wawili wabaki hadi mtoto wa mwisho. Akicheleweshwa, usitazame saa mbele yake. Mpe kitambaa kibichi afute chaki pamoja nanyi, mkianzia kona ya Uswisi, mkoba wake ukiwa tayari mlangoni. Mduara wa uwanjani uachieni mvua.