Mpira wa Gofu na Baridi

Huko Michigan, kaskazini ya Marekani, viwanja vya gofu hufunikwa na theluji wakati wa baridi. Ligi za wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, hufunguliwa Aprili au Mei, na mara nyingi siku hiyo baridi ingalipo. Mtu hupiga kwa nguvu zake zote, mpira ukaanguka karibu.

Sababu ni hewa. Mita moja ya ujazo wa hewa yenye joto la sentigredi 25 ina uzito wa kilo 1.18 hivi, ikipoa hata 5, hufika kilo 1.27, nayo huuzuia mpira zaidi. Tena kiini cha mpira ni cha namna ya raba, na raba ikipoa hupungua mdundo.

Utauliza, msomaji, kwa nini wasiupashe mpira moto? La! Sheria yakataza, na aupigaye mpira uliopashwa moto kwa makusudi huondolewa mashindanoni. Mikono, ruhusa. Dawa ni kuchukua fimbo ipelekayo mpira mbali zaidi na kupiga bila pupa. Lakini wengi huona haya kuonekana na fimbo hiyo mahali ambapo wakati wa joto walitumia ndogo.