Kutoka "Kimeingia" hadi "Ameingia": Jina na Kuvunjika Moyo katika Mwendelezo wa Filamu ya Kutisha

1.0 Utangulizi

Malalamiko kwamba sehemu ya pili ya filamu ya kutisha "haitishi" ni ya kawaida miongoni mwa watazamaji, na aghalabu hujibiwa kwa sababu za kibiashara: mtayarishaji alitaka fedha kwa haraka, mwongozaji alibadilishwa, au hadithi ilikuwa imekwisha. Sababu hizo zina ukweli, lakini hazielezi kwa nini aina nyingine za masimulizi hustahimili kuendelezwa. Makala haya yanadai kwamba chanzo kimojawapo ni cha kiisimu: sehemu ya kwanza hutisha kwa kutotaja, ilhali sehemu ya pili hulazimika kutaja. Dai hilo linachunguzwa kwa kumzingatia mtazamaji wa Mkolani, kata iliyo kusini mwa Jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Shinyanga, ambako Kiswahili na Kisukuma huzungumzwa bega kwa bega.

2.0 Ahadi iliyomo katika neno "sehemu"

Kiswahili hutumia istilahi sehemu ya pili kwa mambo mawili tofauti. Filamu za video za Tanzania, zilizoshamiri tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mara nyingi ziligawanywa makusudi: hadithi moja ilitiwa katika kanda au diski mbili, na mnunuzi akalipa mara mbili. Hapo sehemu ni sehemu kweli. Asiyeiona ya pili hajui mwisho wa kisa. Kwa upande mwingine, filamu iliyotengenezwa miaka kadhaa baadaye kwa kuwa ya kwanza ilipendwa nayo huitwa sehemu ya pili, ingawa ya kwanza ilikuwa imekamilika. Neno hilohilo humwahidi mtazamaji salio la kitu kizima. Anakwenda kutafuta kilichobaki. Anakuta ama marudio ama ufafanuzi. Marudio humchosha. Ufafanuzi humharibia hata kile alichokuwa amekipata awali.

3.0 Upatanisho wa kisarufi na hofu

Mfano bayana ni wa The Exorcist (1973), iliyoongozwa na William Friedkin. Humo binti Regan, katika nyumba moja ya Washington, anaingiliwa na kitu kisichothibitishwa ni nini. Kitu hicho hujiita Ibilisi, lakini padre mzee anamwonya mwenzake kwamba ni kiongo. Jina Pazuzu, ambalo limo katika riwaya ya William Peter Blatty ya mwaka 1971, halitamkwi katika filamu hiyo.

Mwaka 1977 ilitoka Exorcist II: The Heretic, iliyoongozwa na John Boorman. Watazamaji wa mwanzo nchini Marekani waliicheka mahali palipokusudiwa kutisha, na Boorman akaihariri upya ilhali ilikwisha kuanza kuoneshwa. Katika filamu hii Pazuzu hutajwa waziwazi, tena mara kwa mara. Pepo anapewa historia na uhusiano na nzige. Padre Lamont anasafiri hadi Afrika kumtafuta Kokumo, ambaye utotoni aliingiliwa na pepo huyohuyo na ambaye ukubwani ni mtaalamu wa nzige. Kwa maneno mengine, Afrika inatolewa kama maelezo ya hofu iliyozuka Washington. Mtazamaji wa Mkolani anayetarajia salio la hofu anaoneshwa bara lake mwenyewe kama jawabu la fumbo la watu wengine.

Kiswahili hudhihirisha badiliko hili katika kitenzi chenyewe. Filamu za kigeni zimekuwa zikitazamwa katika vibanda vya video vya Tanzania zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kazi iliyompa umaarufu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Msimulizi wa namna hiyo hana budi kuchagua kiambishi. Akisema kimeingia, kiambishi ki- humwarifu msikilizaji kwamba yupo mtendaji, lakini humnyima umbo na asili yake. Akisema limeingia, ukubwa na ubaya huongezeka, na umbo bado halijulikani. Jina la pekee likitajwa, upatanisho wa viumbe hai hauepukiki: Pazuzu ameingia. Kiambishi a- ndicho kitumikacho kwa mgeni, kwa jirani na kwa mwalimu. Aliyepewa kiambishi hicho huweza kujadiliwa, kubembelezwa, hata kuchekwa.

Inaweza kupingwa kwamba jini na pepo huchukua a- na bado hutisha. Pingamizi hilo ni la haki, lakini hayo ni majina ya jamii. Hutaja aina bila kumbainisha mmoja. Shumileta (2005) ya Mussa Banzi, kwa upande wake, imechukua jina la jini wa kike aliye mhusika wake, hivyo haikuijenga hofu yake juu ya kutojulikana kwa jina tangu awali. Kinachovunja moyo ni kutaja baadaye kile ambacho kutotajwa kwake ndiko kulikokuwa hofu yenyewe.

4.0 Kwa nini Bwana Msa hachoshi

Ulinganisho na riwaya ya upelelezi unaithibitisha hoja hii. Muhammed Said Abdulla alimtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kisha akamrejesha katika Kisima cha Giningi (1968) na riwaya nyingine. Majina ya vitabu hivyo viwili yanaahidi mambo ya kutisha, lakini msomaji anajua kwamba fumbo litafumbuliwa. Ufafanuzi ndio alioufuata. Kila kitabu kipya humpa fumbo jipya na mfumbuzi yuleyule. Filamu ya kutisha haina mfumbuzi wa kurejewa. Kinachorejea ni kitu kilekile kilichokwisha kufahamika.

5.0 Uzito wa jina Usukumani

Katika Usukuma suala la jina lina uzito unaovuka mipaka ya sanaa. Kisukuma huwaita wachawi balogi, neno lenye uhusiano wa mzizi na kitenzi -roga cha Kiswahili. Tangu miaka ya 1970 wanawake wazee wengi wa eneo hilo wameuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu ya macho mekundu, ambayo huweza kuletwa na moshi wa jikoni tu. Makala haya hayadai kwamba filamu ndizo zilizosababisha mauaji hayo. Yanachodai ni kwamba, kwa hadhira inayojua gharama ya kuambiwa "ni yeye", kukipa kitisho sura ya mtu ni uamuzi wenye athari nje ya kibanda cha video.

6.0 Hitimisho

Kuvunjika moyo kwa mtazamaji, kwa hiyo, kusichukuliwe kuwa ni uchaguzi wa mlaji peke yake. Ni hukumu ya kiisimu, ingawa mwenyewe hakuieleza kwa istilahi. Uhakiki wa filamu za Kiswahili utanufaika ukifuatilia, tukio kwa tukio, mahali ambapo ki- na li- huiachia nafasi a-. Nao watunzi wa miendelezo wana swali la kujiuliza kabla ya kuandika: ni kipi kilichoachwa bila kutajwa, na je, kina lazima ya kutajwa?