Mchungwa Uliokatwa Sana

Ndugu mkulima, umeupogolea mchungwa wako mpaka umebaki kama nguzo? Usiung'oe. Bado uko hai.

Kwanza, paka shina chokaa iliyokorogwa na maji. Gome lililozoea kivuli huungua kwa jua kali.

Pili, tandaza nyasi kavu chini, zisiguse shina. Kiangazi, mwagilia.

Tatu, chagua machipukizi manne yenye nguvu, yaliyoachana. Mengine yaondoe.

Lakini angalia! Michungwa mingi imebebeshwa juu ya shina la mlimao. Chipukizi linalotoka chini ya kovu la kubebeshea ni mlimao. Ukiliacha litaushinda mchungwa, nawe utavuna malimau.

Mwaka huu usikate tena. Majani ndiyo jiko la mti.

Swali: Kwa nini tunapaka chokaa?