Kijana Akikwama Kusoma, Aanzie Wapi?

Mzazi mwenzangu wa Malindi, Ganze au Mtwapa, kama kijana wako amefika Gredi ya 8 na bado anasoma kwa kubahatisha, au maelezo marefu hayamkai, usimwite mvivu. Huenda ana ulemavu wa kujifunza unaohusu lugha, yaani akili anayo, ila kusoma, kuandika au kuelewa maneno kunamlemea kuliko wenzake. Ule wa kusoma na kuendeleza maneno huitwa disleksia.

Utajuaje kama si Kiingereza tu kinachomshinda? Kwetu swali hili ni zito, maana watoto wengi hulelewa kwa Kigiriama halafu mitihani inawajia kwa Kiingereza. Mwombe akusimulie mechi aliyotazama, kwa lugha ya nyumbani. Siku nyingine mtume dukani vitu vitatu bila kumwandikia. Akisimulia vizuri na vitu vyote vikafika, lakini hata ukurasa wa Kiswahili unamshinda, shida huenda iko kwenye kusoma. Kama hata Kigiriama chenyewe kinamkatikia njiani, maneno hayaji na kisa kinavurugika, huenda lugha yenyewe ndiyo inayomsumbua. Akikwama kwa Kiingereza peke yake, pengine anahitaji kufundishwa zaidi tu. Andika ulichokiona, mpimaji atakiuliza.

Kisha chukua madaftari yake umwone mwalimu wa darasa. Omba barua ya kwenda kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilipo cha kwenu. Kabla ya hapo, macho na masikio yapimwe katika hospitali ya Kilifi au Malindi, kwa sababu asiyesikia vizuri huonekana kama asiyeelewa.

Gharama je? Tenga nauli ya watu wawili na siku nzima. Ukiombwa malipo yoyote, uliza ni ya nini na udai risiti.

Usirudi bila ripoti ya maandishi. Bila hiyo karatasi, shule hubaki na maneno yako tu. Toa nakala, keti na mwalimu mkuu, mkubaliane mpango wa kijana huyu: asomewe maswali, ajibu kwa mdomo inapowezekana, aongezewe muda, asiinuliwe kusoma mbele ya darasa bila kutayarishwa. Mengi ya haya hayahitaji pesa. Yaandikwe, na mwisho wa muhula myapitie pamoja.

Mtihani wa kitaifa usikukute umelala. Baraza la mitihani, KNEC, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye ulemavu, lakini ni shule inayoomba, wakati wa usajili. Kwa hivyo mpimishe mapema, ikiwezekana mwaka mmoja kabla.

Na shule ikikataa? Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumrudisha mwanafunzi darasa, kumchapa na kumtesa kiakili. Mwandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, uambatishe ripoti, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka.