Miezi Mitatu Dirishani Kariakoo: Mafunzo Niliyopata

Mwishoni mwa Machi 2019 pikipiki ilinigonga nikivuka barabara Mbagala, ikanivunja mfupa wa muundi wa mguu wa kulia. Aliyenigonga hakusimama. Nilitoka hospitali nimefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, na kwa kuwa naishi peke yangu, dada yangu mkubwa akanichukua kwake Kariakoo, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Vijana wawili wa kubeba mizigo walinipandisha nikiwa nimekalia kiti cha plastiki. Ukiacha siku za kliniki, sikushuka tena mpaka Julai.

Dada aliniwekea kitanda kando ya dirisha la nondo linalotazama mtaa wenyewe, si mbali na soko kuu. Nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na tisa. Vitenge vyangu, sufuria zangu, hata chaki za kuongezea shuleni nimenunua Kariakoo. Lakini nilikuwa napita tu, mkoba nimeukumbatia kifuani, macho mbele. Kutazama nilianza pale niliposhindwa kutembea.

1. Mtaa una wenyewe wengi kuliko unavyodhani

Kibaraza cha duka moja mkabala na dirisha letu kilikuwa na watu wanne kwa siku. Usiku kilikuwa cha mlinzi, aliyelala juu ya boksi la friji. Alfajiri, adhana ikiisha, alikunja boksi lake na kumpisha mama wa uji na chapati. Saa tatu mwenye duka akipandisha mlango wa chuma, mama alihamia ukingoni na nafasi ikachukuliwa na muuza viatu vya mtumba. Jioni akaja mzee wa kahawa na birika lake la shaba juu ya jiko la mkaa, mkono wa pili ukigonganisha vikombe. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, na sikuona karatasi yoyote ya mkataba. Aliyeondoka alifagia.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, mapema Mei, zamu zote zikageuka. Uji wa asubuhi ukawa wa futari, na mzee wa kahawa akawa haonekani mpaka jua lizame. Kwa siku mbili mtaa ulikuwa kama umepotea njia. Siku ya tatu kila mtu alikuwa ameshajua mahali pake papya.

2. Nilimwonea winga kwa miaka mingi

Kama mwanamke yeyote anayenunua Kariakoo, nilikuwa nimejifunza kuwakimbia mawinga, wale vijana wasio na duka wanaokushika mkono na kukuambia, "Dada, njoo nikupeleke, bei ya mzigo." Niliwaweka wote kwenye fungu la matapeli. Matapeli wamo, silikatai hilo.

Lakini kutoka juu nilimwona mmoja, mrefu, mwenye kofia nyekundu, akifanya kazi kutwa. Mteja wake siku moja alikuwa mama aliyeonekana ametoka mkoani, ana orodha mkononi na mtoto mgongoni. Kuanzia saa nne hadi saa kumi yule kijana aliingia naye duka baada ya duka. Alimshikia mtoto wakati mama akijaribu viatu. Alimtafutia maji. Mvua ya masika ilipoanza, alivua koti lake akafunika robota la nguo, yeye akalowa. Ndani ya orodha ile alikuwa na cha juu chake, na ni haki yake. Hao wanauza kujua: kujua nani ana nini, wapi, kwa bei gani, katika mitaa ambayo mgeni hupotea baada ya kona ya pili.

Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya miaka mia imepita na mtaa bado unasimama juu ya mabega ya watu. Mimi mwenyewe nilifika ghorofa ya tatu kwa mabega hayo.

3. Tangazo la serikali hufika kwanza kwa mtoto wa mtaani

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Redioni ilizungumzwa mazingira, viwanda, faini. Dirishani mimi niliona vijana. Mtaani kwetu walikuwa saba waliokuwa wakiuza mifuko ya rambo, wameining'iniza mkononi kama matawi, wakiita wateja tangu asubuhi. Ijumaa ya tarehe 31 Mei walikuwa bado wanauza kwa bei ya kutupa. Jumamosi hawakuwepo.

Alirudi mmoja tu. Kijana wa miaka kama kumi na tano, mwembamba, anayetembea kwa kurukaruka. Alikuwa ameshika mifuko mipya ya kitambaa chepesi, ya kijani na ya bluu. Nikajiuliza mtaji ameupata wapi.

4. Kuona si kujua

Huyu kijana nilikuwa namjua kwa macho, na nilikuwa na kesi naye, au tuseme kesi na mtu mwingine kwa ajili yake. Tangu Aprili nilikuwa nikimwona kila jioni akienda kwa yule mama wa uji. Mama ananyoosha mkono, kijana anatoa hela mfukoni, mama anazihesabu, anazifunga kwenye pindo la kanga. Kijana anaondoka mikono mitupu. Jioni baada ya jioni. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, nimeshawaona watoto wakinyonywa na watu wazima, na damu ilinichemka. Nilimwambia dada aende kwa mjumbe. Dada akasema, "Mdogo wangu, subiri kwanza niulize."

Alikwenda kuuliza Jumapili ile, siku ya pili ya katazo. Alirudi na kijana mwenyewe, aliyekuwa amepanda ngazi kuja kumwona mgonjwa wa dirishani.

"Shikamoo ticha," akasema, akabaki mlangoni mpaka nilipomwambia akae.

Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani, kila siku ilikuwa na mstari wake: tarehe, kiasi, na mbele yake nukta nzito ya kalamu. Aliandika kijana, maana mama hajui kuandika, na nukta ilikuwa sahihi ya mama. Analala kwenye baraza za maduka, akanieleza, na mara mbili aliibiwa hela usingizini. Mama yule si ndugu yake. Aliona tu mtoto analia asubuhi, akamwambia awe anamwekea. Hela zile zilizoning'oa roho kila jioni ndizo zilizonunua mifuko ya kitambaa siku ambayo wenzake sita walikosa pa kuanzia. Wiki ileile, kabla ya Idi, alitoa nyingine akamtumia mama yake Singida.

Nilishika lile daftari muda mrefu. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zimekaa juu ya mstari. Nilikuwa nusura nimpeleke kwa mjumbe mtu pekee aliyemtunza mtoto yule.

Niliporudi shuleni, nilikuwa na mwanafunzi aliyechelewa kila Jumatatu. Zamani ningemsimamisha mbele ya darasa. Safari hii nilimwita pembeni nikamuuliza, naye akanijibu.

5. Anayetazama huonekana

Nilidhani mimi ni jicho lisiloonekana. Katikati ya Juni nilipata homa, nikalala siku mbili dirisha limefungwa. Siku ya tatu jioni mzee wa kahawa alipanda ngazi zote zile, umri wake ule, na kikombe kimoja na vipande viwili vya kashata kwenye karatasi. "Mwalimu, tumeona kimya," akasema. Alisema tumeona, kwa wingi. Sikuwahi kuzungumza naye hata siku moja.

6. Kitanda kina mahali pake

Hili ndilo linaloniuma, nalo silo la Kariakoo. Bibi yangu alipooza upande mmoja, akalala miaka miwili nyumbani kwetu Kilosa kabla ya kufariki. Tulimpenda. Tulimwogesha, tulimlisha, hakupata hata kidonda kimoja cha kulalia. Lakini tulimweka chumba cha nyuma, uso ukutani, tukisema kule hakuna kelele wala upepo. Alikuwa akisikia hatua nje anauliza, "Nani huyo kapita?" Nasi, tukiwa na kazi zetu, tulijibu, "Hakuna mtu, Bibi." Mtu alikuwepo. Alikuwa jirani, au mbuzi wa jirani, au watoto wanatoka shule. Tuliona si habari ya kumpa mgonjwa.

Nimelala miezi mitatu tu, na bila lile dirisha sijui ningekuwaje. Yeye alilala miaka miwili akitazama chokaa.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye na mgonjwa au mzee asiyeweza kutoka: leo jioni, kabla hujalala, kigeuze kitanda chake. Kama dirisha liko juu, muongezee mto. Kama halipo, mlaze karibu na mlango ulio wazi. Na akiuliza nani kapita, nenda ukatazame, urudi umwambie jina.